Nlivyokwenda Hamadan kwa Ibn Sina

Basi limetoka Tehran asubuhi na mpaka tunaingia Hamadan ishakuwa mchana, masaa matano na kitu na vituo vya chai njiani, na kitu cha mwanzo nlichokiona ni mlima Alvand, theluji imeushuka mpaka kiunoni, na baridi ile inakata masikio mie mtu wa Unguja nna sweta moja tu. Mji uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari.

Nlikwenda kwa ajili ya mtu mmoja, Ibn Sina, yule tabibu mkubwa wa zamani, wenyewe wanamwita Bu Ali. Kazaliwa 980 karibu na Bukhara, ambako leo ni Uzbekistan, na kafia hapa Hamadan 1037. Chuo kikuu cha hapa kina jina lake, na uwanja wenye sanamu yake pia. Kaburi liko chini ya mnara wa nguzo 12 uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, mchora ramani wake Hooshang Seyhoun kaufananisha na mnara wa Gonbad-e Qabus, kaskazini ya Iran, wa mwaka 1006, yaani jengo la zama zake mwenyewe Ibn Sina. Ndani makaburi ni mawili, lake na la rafiki yake Abu Said Dakhduk, wamelala ubavu kwa ubavu, nikasimama pale muda mrefu sijui hata nawaza nini.

Kitabu chake kikubwa ni Al-Qanun fi al-Tibb, yaani Kanuni ya Utabibu, alikimaliza mnamo 1025, mijaladi mitano. Karne ya 12 Gerard wa Cremona akakigeuza Kilatini kule Toledo, Uhispania, na vyuo vya Ulaya vikasomesha udaktari kwa kitabu hicho mpaka karne ya 17. Lakini mie kinachonishika zaidi ni masharti aliyoyaweka ya kujaribu dawa: dawa iwe safi haijaingiliwa na kitu, uijaribu kwa maradhi mamoja sio yaliyochanganyika, uangalie kama inafanya kazi kila mara au imebahatisha tu, na mwisho uijaribu kwa binadamu, maana ukiijaribu kwa simba au farasi haikuambii itamfanya nini mtu. Miaka elfu iliyopita hiyo! Kuna mambo yake madaktari wa leo wameyaacha, na haki yao, lakini hili la kupima kabla ya kuamini bado ndo kazi yao kila siku.

Nlipotoka tumbo likaanza kunisokota, nadhani ni mtindi baridi niliokula juu ya safari. Nikaingia duka la attari, ndo wauza dawa za miti shamba, magunia ya maua makavu yamepangwa mpaka mlangoni na harufu imejaa, ya waridi na hiliki na kitu kingine kichungu. Mzee wa duka hakuniuliza naumwa wapi, aliuliza nimekula nini. Kijana mmoja mteja akawa anatufasiria kwa Kiingereza. Mzee akasema hiyo ni "sardi", baridi imeingia mwilini, akatengeneza chai ya moto akatia sukari ya nabat, ile iliyoganda kama vipande vya kioo kwenye kijiti, akawa anakikoroga kijiti taratibu mpaka vioo vikayeyuka, akanipa ninywe palepale.

Alafu akaanza kunieleza maji manne ya mwili, anahesabu kwa vidole vinne: khun, balgham, safra, sauda, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hapo nikashtuka nikamwambia arudie. Balgham! Bibi yangu pale Ng'ambo maisha yake yote akituona tunakohoa anasema "mtoto huyu kajaa belghamu, msimpe vya baridi", na mtoto akipauka akiishiwa damu anaambiwa ana safura. Mie siku zote nkijua ni maneno ya kizee tu, ya kwetu. Kumbe ni maneno hayahaya yamo kwenye Qanun, na fikra yenyewe Ibn Sina naye kaipokea kutoka kwa Wayunani, ikapita kwa Waarabu, ikavuka bahari na majahazi mpaka kitandani kwangu nikiwa na homa.

Usiku nikampigia bibi. Nikamweleza yote, kaburi, mzee wa duka, vidole vinne. Akanisikiliza kimya, alafu akaniuliza, "Tumbo limepoa?" Limepoa bibi. "Na huyo mzee wa kaburini umemsomea Fatiha?"

Sikuwa nimemsomea. Nlipiga picha, nlisoma vibao, Fatiha nikasahau kabisa.

Asubuhi basi la kurudi lilikuwa halijaondoka. Nikakata tiketi tena ya kaburini, mlango umefunguliwa sasa hivi na ndani yuko mfagiaji peke yake, nikasimama katikati ya yale mawe mawili nikawasomea wote wawili.