"Dada, nyie ndio mnalea wezi": siku moja ya afisa ustawi wa jamii

Saa 11 alfajiri niko Rangi Tatu, Mbagala, hapa Dar es Salaam, nagombea daladala kama wengine. Wapo wanaodhani afisa ustawi anazunguka na gari la serikali akinyang'anya watu watoto. Gari lipo, mafuta ndiyo hayapo.

Saa 2 ofisini: shauri la matunzo ya mtoto, mama kaja, baba hakuja. Nimeandika wito mwingine, chai nimeinywa nimesimama.

Saa 4 Kisutu, Mahakama ya Watoto. Hapa ndipo siku yangu ilipoliwa. Kijana wa miaka 16 alikwapua simu ya wakala wa miamala ya pesa kwa simu. Namba ya siri alishaichungulia, kwa hiyo akahamisha pesa kabla mwenyewe hajafunga laini. Amekiri. Yangu ni taarifa ya uchunguzi wa kijamii: analala wapi, shule aliacha kwa nini, nani wa kumwangalia. Hakimu huisoma kabla ya kutoa amri. Nilipokwenda kwao kuiandaa, nilikalia ndoo iliyofunikwa kifudifudi, mama akinijibu huku anakaanga mihogo. Baba nilipomuuliza mwanawe alikuwa darasa la ngapi, alimgeukia mkewe.

Mlalamikaji, yule wakala, kanikamata koridoni.

"Dada, wewe unalipwa na nani? Nyie ndio mnalea wezi. Mfungeni miaka mitano, atashika adabu."

Nikamweleza kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumhukumu kifungo aliye chini ya miaka 18. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho Irambo, Mbeya.

"Mbeya! Kwa hiyo mnampeleka kutembea?"

Akaondoka. Akarudi. Sasa anataka kujua kesi gani hiyo inasikilizwa milango imefungwa. Nikamwambia kesi ya mtoto haiwekwi hadharani. Akaanza upya na mimi nikaanza upya, miguu inawaka, njaa inauma. Kusema kweli sikumchukia. Hela ile ndiyo mtaji wake, na kamisheni ya wakala mnaijua ilivyo ndogo.

Shauri limeahirishwa, baba aje mwenyewe aseme kama atamsimamia kijana.

Mchana sijui ulikwenda wapi. Ofisini nikakuta mtoto wa kama miaka mitatu, kaokotwa sokoni. Ukimuuliza mama yake anaitwa nani, anakujibu "Mama", tena kwa mshangao, kama vile swali lenyewe la kijinga. Polisi, serikali ya mtaa, simu huku na kule. Mpaka kapatiwa pa kulala, giza lilishaingia.

Niko kwenye foleni ya kurudi, simu inalia. Wakala yule tena, sijui namba yangu kaitoa wapi: "Na hela yangu nani atanilipa?" Nikamjibu mahakama inaweza kumwamuru mzazi alipe fidia.

"Baba yake nimemwona. Anauza karanga."

Sikuwa na jibu la hilo. Nikamwambia asikose tarehe ijayo, na aje na karatasi za miamala yake.