Kuhamisha nyimbo kwenda kwenye kicheza MP3: kazi iko kwenye maandalizi

Kunakili nyimbo kutoka kwenye kompyuta hakuhitaji ufundi. Unachomeka waya, unafungua folda ya MUSIC iliyo ndani ya kifaa, unaburuta, unasubiri, basi. Malalamiko huanza baadaye: wimbo wa kumi umetangulia wa pili, albamu moja imekatika vipande saba, kifaa kinadai kimejaa na huku nusu yake iko tupu. Hayo hayaletwi na kunakili. Yanaletwa na jinsi kadi ilivyofomatiwa, jinsi faili zilivyopewa majina na tagi zilizomo ndani yake (maelezo ya msanii, albamu na wimbo), na karibu yote hurekebishwa kwenye kompyuta kabla waya haujaguswa.

Waya, na njia mbili za kuonekana

Kifaa kikichaji lakini kompyuta isikione, ushuku waya kwanza. Waya kamili wa USB 2.0 una nyuzi nne: mbili za umeme na mbili za data. Nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na taa au spika ndogo zina zile mbili za umeme tu. Betri itajaa, lakini hakuna wimbo utakaopita. Tafuta waya ambao umewahi kupitisha faili, uuchomeke kwenye kompyuta yenyewe bila kupitia kigawanyio cha USB (hub).

Kifaa kikishaonekana, angalia kimeonekana vipi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni MSC, ambapo kifaa kinajitokeza kama flashi ya kawaida, na kwenye Windows kinapewa herufi yake, kwa mfano E:. Ya pili ni MTP, ambapo kinajitokeza kama kifaa cha muziki, hakina herufi, na kompyuta haigusi diski yake moja kwa moja bali inakiomba kifaa kipokee faili. Windows inaelewa zote mbili. Linux pia, kupitia maktaba ya libmtp. macOS haina MTP ndani yake. Ndiyo maana kifaa kilekile kinachofunguka vizuri kwenye Windows hakionekani kabisa kwenye Mac. Vicheza vingi vina mpangilio wa USB kwenye menyu yao, wenye chaguo la MSC, MTP au Auto. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua MSC. Marekebisho mengi nitakayoyataja hapa chini hayawezekani kwenye MTP.

Kadi, na ujumbe wa "imejaa" usio wa kweli

Kadi hufomatiwa kwa mfumo fulani wa kupanga faili, kama FAT32, exFAT au NTFS. Vicheza vya zamani vinaelewa FAT32. Memori kadi za gigabaiti 64 na kuendelea hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, na kifaa kisichoijua exFAT kitasema hakuna kadi, au kitaomba kuifomati. Mara nyingi ukiifomati upya kwa FAT32 inasomeka vizuri. Tatizo ni kwamba dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi halikuonyesha FAT32 kwa kadi inayozidi gigabaiti 32. Tumia programu ya Rufus, au kwenye Mac tumia Disk Utility na uchague MS-DOS (FAT). NTFS, mfumo wa diski za Windows, usiiguse, maana ni vicheza vichache sana vinavyoisoma.

Vifaa vidogo vya gigabaiti 2 kushuka chini vina mtego mwingine ambao watu hawauoni. Vingi vimefomatiwa kwa FAT16, na kwenye FAT16 orodha ya mzizi, yaani faili zilizomwagwa nje ya folda yoyote, ina nafasi 512 tu. Ungedhani hizo ni faili 512, lakini jina refu linakula nafasi moja kwa kila herufi 13, kisha nafasi moja zaidi kwa jina fupi la mfumo. Chukua jina hili: "03 - Jina la Msanii - Jina la Wimbo Wenyewe.mp3". Lina herufi 47, kwa hiyo linachukua nafasi nne na moja, jumla tano. Gawanya 512 kwa tano: baada ya nyimbo mia moja hivi orodha imejaa, na kompyuta inakataa faili inayofuata hata kama kuna megabaiti elfu moja zilizolala bure. Dawa ni kutengeneza folda na kuingiza nyimbo humo. Folda ya ndani haina kikomo hicho.

Kwa hesabu ya nafasi yenyewe, kanuni ni nyepesi: gawanya kilobiti kwa sekunde kwa nane, zidisha kwa sekunde za wimbo. MP3 ya kilobiti 320 inakula megabaiti 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni megabaiti 9.6. Ya kilobiti 128 ni megabaiti 3.8. WAV iliyotolewa kwenye CD ni takriban megabaiti 42 kwa dakika hizohizo nne. Na usishangae kadi ya gigabaiti 16 ikionyesha 14.9 kwenye Windows: kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kama una FLAC, yaani faili ya muziki isiyopoteza ubora, na kifaa hakiisomi, igeuze kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 2 -id3v2_version 3 wimbo.mp3

Hiyo -q:a 2 inatoa wastani wa kilobiti 190 hivi, na kwa masikio mengi inatosha kabisa. Kuigeuza MP3 ya 128 kuwa ya 320 ni kupoteza nafasi. Kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Faili zilizopakuliwa ndani ya programu za kusikiliza mtandaoni zimefungwa kwa ufunguo wa programu hiyo, kwa hiyo hata ukizipata na kuzinakili hazitapigwa.

Kwa nini mpangilio unavurugika

Hapa ndipo watu wanapohangaika zaidi, na wengi hulaumu kifaa. Vicheza vingi rahisi havipangi nyimbo kwa alfabeti wala kwa namba. Vinasoma folda kama ilivyoandikwa kwenye jedwali la FAT, kutoka juu kwenda chini, na jedwali hilo linafuata utaratibu ambao faili ziliingia. Windows inapokuonyesha folda imepangwa vizuri, hiyo ni kazi ya Windows kwenye skrini tu. Ndani ya kadi hali ni nyingine. Tena ukifuta wimbo mmoja, nafasi yake kwenye jedwali inabaki wazi, na wimbo mpya utakaouongeza unaweza kuingia palepale. Ndiyo sababu ya wimbo ulioongezwa leo kupigwa katikati ya albamu ya zamani.

Anza na majina. Weka 01, 02, 03 mwanzoni mwa kila faili, siyo 1, 2, 3, kwa sababu kifaa kinachopanga kwa herufi kitaweka 10 kabla ya 2. Kisha nakili folda nzima kwa mpangilio. Kwenye Windows, kwa kifaa chenye herufi, njia ya uhakika kuliko kuburuta ni robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy C:\Muziki E:\MUSIC /E /FFT

Diski ya NTFS inatoa majina kwa alfabeti, na robocopy inayanakili moja baada ya jingine kwa utaratibu huo. Usiongeze /MT, maana hiyo inanakili faili nyingi kwa pamoja na kuvuruga kila kitu. Alama ya /FFT ipo kwa sababu FAT inaandika muda kwa hatua za sekunde mbili. Bila hiyo, ukirudia amri wiki ijayo robocopy itaona tofauti ya sekunde moja, itadhani faili zimebadilika, na itanakili tena maktaba nzima. Wanaonakili kwa rsync, amri ya Linux na Mac, watumie --modify-window=1 kwa sababu hiyohiyo.

Kama kadi tayari imevurugika, si lazima uifute. Programu ya FatSort kwenye Linux, au DriveSort kwenye Windows, inapanga upya jedwali lenyewe bila kugusa muziki. Kwa FatSort kadi iwe imeteremshwa kwanza kwa umount, ndipo uandike sudo fatsort /dev/sdb1, ukihakikisha kwa lsblk kwamba sdb1 ndiyo kadi.

Tagi

Vicheza vya hali ya juu kidogo haviangalii jina la faili kabisa, vinasoma tagi. Hapo albamu hukatika kwa sababu moja kubwa: kolabo. Sehemu ya msanii ikiandikwa "Fulani" kwenye nyimbo nane na "Fulani ft. Mwenzake" kwenye nyimbo nne, kifaa kinaona wasanii tofauti. Suluhisho rasmi ni kujaza Album Artist, lakini vifaa vya bei ya chini havisomi sehemu hiyo. Mimi naona heri kuhamishia "ft. Mwenzake" kwenye jina la wimbo, na kumwacha msanii mmoja kwenye albamu nzima. Haipendezi kwa wanaopenda tagi safi, ila inafanya kazi kila mahali.

Toleo la tagi nalo lina maana. ID3v2.4 ni la mwaka 2000, lakini vifaa vingi havikuwahi kulifuata, na vinaonyesha "Unknown" badala ya jina. Kwenye Mp3tag, programu ya kuhariri tagi, nenda kwenye Options, Tags, Mpeg, uchague ID3v2.3 UTF-16, kisha chagua faili zote na uzihifadhi upya. Picha ya albamu iwe JPEG ya kawaida ya pikseli 300 hadi 500. JPEG ya aina ya progressive mara nyingi haionekani, na picha ya pikseli 3000 inaweza kukifanya kifaa chenye kumbukumbu ndogo kisite kila wimbo unapoanza.

Kwa wenye Mac, na kwa wenye iPod

macOS inaponakili kwenye FAT inaacha faili ndogo zinazoanza na ._ pembeni ya kila wimbo. Kifaa kinaziona kama nyimbo, zinakataa kupigwa, na orodha inakuwa maradufu. Baada ya kunakili, fungua Terminal na uandike dot_clean -m /Volumes/JINA, ukiweka jina la kadi. Vilevile, nyimbo ulizofuta kwa Finder zimehamia folda iliyofichwa ya .Trashes iliyo kwenye kadi hiyohiyo. Nafasi haitarudi mpaka umwage Trash kifaa kikiwa bado kimechomekwa.

iPod ni habari tofauti. Ukiburuta wimbo ndani yake utakaa kama mzigo tu, hautaonekana kwenye menyu, kwa sababu iPod inapiga kile kilichoandikwa kwenye hifadhidata yake, na faili zenyewe imezificha ndani ya iPod_Control kwa majina ya herufi nne. Inabidi upite iTunes kwenye Windows, au Finder kuanzia macOS Catalina ya 2019. Washa chaguo la kusimamia muziki kwa mkono kabla ya lolote. Ukiikubalia kompyuta ya pili ilandanishe, itafuta zilizomo na kuweka zake. FLAC haipokei, igeuze kuwa ALAC, muundo wa Apple ambao haupotezi ubora. Baadhi ya iPod za zamani hukubali Rockbox, mfumo mbadala wa kuendesha kifaa, na ukishaiweka unarudi kwenye kuburuta folda kama kifaa kingine chochote.

Kuchomoa

Mstari wa maendeleo ukifika mwisho haina maana kuwa data yote imeshafika. Kwenye Linux hasa, sehemu kubwa bado iko kwenye RAM. Andika sync usubiri amri irudi. Kwenye Windows na Mac tumia Eject. Ukichomoa jedwali la FAT likiwa linaandikwa, utapata folda zenye majina ya ajabu au nyimbo za baiti sifuri. Kwenye Windows, chkdsk E: /f hurekebisha jedwali, lakini wimbo uliokatika inabidi uunakili upya.

Kifaa kikishachomolewa kitaanza kujenga orodha yake, kwa hiyo betri iwe na chaji ya kutosha. Kikiganda kila mara kwenye asilimia ileile, kuna faili moja yenye tagi mbovu. Usizipitie moja moja. Hamishia nusu ya folda kwenye kompyuta, uone kama kinamaliza. Kikimaliza, mbovu iko kwenye nusu uliyoitoa, nayo igawe tena. Kwa nyimbo elfu moja unaifikia kwa kugawa mara kumi. Ukiipata, ifutie tagi zote kwa Mp3tag, uziandike upya, kisha uirudishe.