Mstari mweupe wa Mkanda

Nahodha alisema tukutane gatini saa kumi na moja na nusu, baada tu ya sala ya alfajiri. Nilifika saa kumi na mbili na dakika tano, mahamri ya moto yamefungwa kwenye gazeti mkononi, nikitumai harufu yake itaniombea msamaha. Haikuniombea. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na kwa bamvua ya Lamu maji hujaa kwenye saa kumi na nusu alfajiri, kisha huanza kupwa kwa haraka. Ukichelewa nusu saa, wa kumwomba radhi si nahodha, ni maji.

Tulikuwa watano: nahodha na mwanawe, binti mtafiti wa mikoko kutoka Kilifi, mzee mmoja aliyekata boriti za mikoko tangu ujanani, na mimi niliyealikwa kushika daftari la vipimo vya tope. Mashua ikapita mbele ya mji, ikaiacha Mokowe mkono wa kushoto, ikaelekea Mkanda. Mkanda ni mlango mwembamba wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara. Mashua za Pate, Siyu na Faza tangu zamani zimezoea kuupita maji yakiwa makubwa ili zisizunguke nje kwenye bahari kuu.

Nusu ya njia tukasikia tope likikwaruza chini ya mashua. Nahodha akazima mashine, akainyanyua, akashika upondo bila kunitazama. Tukashuka kusukuma, isipokuwa mzee. Tope lilinifika magotini na kuimeza kandambili yangu ya kushoto. Bado imo humo. Huenda mwaka 2100 mtafiti mwingine akaichimbua na kuandika kuwa Lamu palikuwa na watu wa mguu mmoja.

Tulipovuka, mikoko ikatufunga pande zote mbili. Ukingoni mlilana, mizizi yake ikichomoza kama vichwa vya misumari minene. Nyuma yake mkoko wenyewe na magondi yake, mizizi ya juu, yaliyojikita kama miguu ya buibui. Ndani zaidi mkandaa, halafu mchu kule maji yanakofika kwa nadra. Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu zimo Lamu. Anayelala kwenye nyumba ya kale ya mji huu analala chini ya mikoko: vyumba ni virefu lakini vyembamba kwa sababu upana wake haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mzee alikumbuka majahazi yaliyopakia boriti kwenda Arabuni, hadi mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje.

"Siku ile nilidhani njaa imekuja," alisema. Hakueleza zaidi, akaomba hamri la pili.

Kazi ilianza maji yalipokauka, kwenye saa tatu. Nilitarajia mitambo. Nikaoneshwa ncha ya nondo ya stenlesi iliyochomoza kwenye tope, na pembeni mbao mbili zilizoinuliwa kwa vigingi. Binti akanikataza kukanyaga chini hata hatua moja, maana unyayo wangu ungeshindilia tope na kuharibu hesabu ya miaka. Tukapiga magoti kwenye mbao. Akafunga mkono wa chuma juu ya nondo, akausawazisha kwa pimamaji kama la mwashi, kisha akateremsha vijiti tisa, kimoja kimoja, hadi kila kimoja kilipogusa tope bila kulitoboa. Akasoma kwa sauti kimo cha kila kijiti kwa milimita, nami nikaandika. Kisha akageuza mkono upande mwingine. Pande nne, vijiti tisa kila upande, vipimo 36. Kijiti kimoja kiliangukia mlango wa kaa. Akaniambia niandike "shimo la kaa". Kaa mwenyewe alitoka, akatutazama, akarudi kwake.

Bahari duniani inapanda zaidi ya milimita 3 kwa mwaka, na swali la binti ni moja: je, tope la hapa linapanda nayo? Likibaki nyuma, miti itakaa majini muda mrefu kuliko inavyostahimili.

Mzee alicheka, akaonesha kisiki.

"Hiki nalikikata mimi, mwanangu. Kilikuwa cha magoti. Sasa mato yako yaona, chafika kwenye kifundo. Tope laongezeka, nawe wasema huenda lazama?"

Binti hakumjibu. Alikwenda hatua chache, akakata kipande cha tope kwa kisu, akakiweka kiganjani. Ndani yake palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kanzu, na juu yake tope jeusi. Ulikuwa unga wa feldispa, jiwe jeupe lililosagwa, alioumwaga juu ya ardhi miaka iliyopita.

"Tope linaingia kweli, ami. Hili lote juu ya unga limeingia baada yangu. Lakini ni kama gunia la unga: unatia juu, wa chini unashindiliwa. Mizizi nayo ikioza, mahali pake panabonyea. Nondo inanipa kimo, mstari huu unanipa kilichoingia. Tofauti yake ndiyo iliyozama."

"Na kisiki changu?"

"Kisiki chako kimesimama kwenye tope. Likizama, linazama nacho."

Hapo mzee alinyamaza. Nilimwonea huruma kidogo, maana hata mimi kisiki kilikuwa kimenishawishi kuliko vijiti. Akainama, akaishika ncha ya nondo kwa vidole viwili.

"Hii imeshuka hadi wapi?"

"Tuliipigilia hadi ikakataa, ndiyo maana haizami na tope."

Tukaketi chini ya mkoko kungoja maji. Binti akanionesha upande wa bara, nyuma ya michu, penye nguzo za saruji za mipaka ya viwanja. Tangu habari za bandari mpya ya Lamu zianze, gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021, ardhi ya huku imekuwa na wenyewe wengi. Mikoko ikizidiwa na bahari hurudi nyuma, mbegu zikafuata maji kuelekea bara. Zikikuta ukuta, haziendi kokote. Kwa maoni yangu nguzo zile ni za kutisha kuliko milimita, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Saa tisa mashua ikaanza kutikisika, kisha ikainuka. Maji yalikuwa yameshakifunika kisiki. Mzee alipanda wa mwisho.

"Mwaka ujao nitakuja na fito yangu," alimwambia binti. "Nitaipiga hadi ikatae. Tena mbali na yako."

Nahodha akawasha mashine, na kwa mara ya kwanza siku ile akanigeukia.

"Nawe, bwana, mahamri ya mwaka ujao utayanunua usiku."