Nilivyorudisha databesi ya jana pembeni ya ile ya leo

Bei ya saruji ilikuwa imepanda kutoka 16,000 kwenda 16,500, na mwenye duka akanipigia niibadilishe kwenye mfumo. Kazi ya dakika moja. Nikaingia kwenye seva, nikaandika UPDATE bidhaa SET bei = 16500, nukta-mkato ikatangulia kabla sijaweka WHERE, sehemu inayotaja ni bidhaa ipi, nikabonyeza Enter. MySQL, programu inayoendesha databesi, ikajibu kwamba rekodi elfu mbili na ushee zimebadilika. Misumari, bati, kufuli, brashi za rangi: kila kitu dukani kikawa na bei ya mfuko wa saruji.

Saa nne na nusu asubuhi, simu ya dada wa kaunta: "Kaka, hivi huu mfumo umelogwa? Nusu kilo ya misumari inasema elfu kumi na sita!"

Nikamwomba aandike risiti kwa mkono kwanza.

Bakapu ilikuwepo, faili la duka.sql, nakala ya databesi nzima kwa mfumo wa amri iliyotolewa na mysqldump saa sita usiku. Ila kuirudisha juu ya databesi yenyewe maana yake ni kufuta mauzo yote ya asubuhi, na watu walishalipa. Nilichohitaji humo ni safu moja tu ya bei. Kwa hiyo nikaamua kuifungua kwa jina jingine, duka_jana, kwenye seva ileile, halafu nichote bei peke yake.

Kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka, sikuthubutu kuirudisha nikiwa root, akaunti yenye mamlaka yote. Nikatengeneza mtumiaji wa muda, fundi, mwenye ruhusa kwenye duka_jana tu, kwingine kote hana kitu. Woga huo ndio ulioniokoa. Nilipoandika mysql -u fundi -p duka_jana < duka.sql, likatoka kosa 1044: fundi amekataliwa kuingia databesi ya 'duka', yaani ile ya leo. Nikashangaa. Mbona nimeandika duka_jana?

Nikafungua faili kwa amri ya less nilisome. Juu kabisa kuna CREATE DATABASE IF NOT EXISTS `duka`, na chini yake USE `duka`. Script yangu ya usiku ilitumia --databases, na chaguo hilo huandika jina la databesi ndani ya faili lenyewe. Jina unalolitaja kwenye amri linakuwa la mlangoni tu; mstari wa USE unakupeleka kulekule kwa zamani. Na kila jedwali humo linatanguliwa na DROP TABLE IF EXISTS, amri ya kufuta jedwali lililopo. Ningekuwa root, mauzo ya asubuhi yangekwenda na maji, tena nikiwa naamini nafanya jambo la usalama.

Nikanakili faili, nikaifuta mistari hiyo miwili kwenye nakala kwa amri ya sed. Jaribio la pili majedwali yakaingia, kisha likakwama na kosa 1227 kwenye triga (amri zinazojiendesha jedwali likibadilika), kwa sababu zilikuwa na DEFINER, yaani mwenye nazo, ya root na fundi hana mamlaka ya kuunda kitu kwa jina la mwingine. Hapo sikuhangaika: triga hazikunihusu, jedwali la bidhaa lilishaingia lote. Nikalinganisha bei tano na daftari la duka, zikakubaliana.

Nikarudi kwa root, maana fundi haruhusiwi kwenye duka, na kabla ya kugusa chochote nikahifadhi jedwali la sasa lilivyo: CREATE TABLE bidhaa_kabla AS SELECT * FROM bidhaa. Databesi mbili zikiwa kwenye seva moja, MySQL hukuruhusu kuziunganisha kwa kutaja jina kamili, basi nikaandika:

UPDATE duka.bidhaa a JOIN duka_jana.bidhaa b ON a.id = b.id SET a.bei = b.bei;

Safari hii nilianza na START TRANSACTION, inayoyashikilia mabadiliko yasithibitishwe kwanza, nikaangalia matokeo, ndipo nikaandika COMMIT kuyathibitisha. Majedwali yangu ni ya InnoDB, aina inayokubali mabadiliko kurudishwa nyuma. Yangekuwa ya MyISAM, aina isiyokubali, ROLLBACK (amri ya kurudisha nyuma) isingenisaidia kitu.

Nikatafuta bidhaa zilizobaki na bei ya 16,500. Zikatoka mbili, koki na gundi ya mabomba. Zilisajiliwa asubuhi ileile, kwa hiyo bakapu haikuwa inazijua. Dada wa kaunta akanisomea bei zake kwenye simu, nikaziingiza. Risiti za mkono zilikuwa zimefika kumi na moja. Akaziingiza mwenyewe, akinisema kila baada ya moja.

Jioni mwenye duka akapiga: "Mbona saruji bado inaonyesha elfu kumi na sita?"

Ni kweli, bakapu ilikuwa imeirudisha nayo. Nikaandika amri upya, nikianza na WHERE id = 3, kisha nikarudi mwanzoni mwa mstari kujaza UPDATE.