Ninavyolitafsiri neno la Kiingereza "pander"

Mfasiri anayekutana na "pander" hukimbilia "dekeza", na hapo ndipo linapoharibika. Kudekeza kuna mapenzi: bibi humdekeza mjukuu. Anayefanya "pander" anajua tamaa anayoitimiza ni duni, na ana chake anachokipata.

Ubaya huo umetokana na jina la mtu. Kwa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, Pandarus ni mpiga mishale wa upande wa Troy aliyevunja mapatano kwa kumjeruhi Menelaus, mfalme wa upande wa Wagiriki; mapenzi hayamhusu. Boccaccio, mshairi wa Italia, akamfanya mpeleka habari wa mapenzi ya siri kati ya Troilus, mwana wa mfalme wa Troy, na mwanamke fulani, akiwa binamu wa mwanamke huyo. Chaucer, mshairi wa Uingereza, miaka ya 1380, akamgeuza mjomba wa mwanamke huyo. Kwa Shakespeare, Pandarus mwenyewe anataka wote wa kazi yake waitwe kwa jina lake. Basi nomino naitafsiri "kuwadi", wala sihangaiki.

Kitenzi ndicho chenye kazi. Kwanza natazama kama kinafuatwa na "to". Kisipofuatwa, hasa katika maandishi ya zamani, ukuwadi bado uko wazi. Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet akimsuta mama yake husema "reason panders will": akili iliyopaswa kuizuia tamaa imekuwa kuwadi wake. Ukiandika "akili huendekeza tamaa", tusi limeyeyuka. Tena kagua chapa uliyonayo. Maneno hayo ni ya chapa ya tamthilia hiyo ya 1623. Ile ya 1604 ina "pardons", yaani akili huisamehe tamaa.

"To" ikiwepo, natazama kinachofuata. Kikiwa tamaa au tabia, "kuendekeza" kunatosha: kuendekeza chuki, kuendekeza umbeya. "Kuchochea" kumezidi, maana kunadai chuki imeongezwa, na sentensi ya Kiingereza haikusema hivyo.

Wakifuata watu, kama wapiga kura, wengi huandika "kujipendekeza kwa wapiga kura". Linafaa kwa mgombea anayehangaikia kura. Lakini kujipendekeza ni kwa mdogo mbele ya mkubwa. Mhariri wa gazeti hajipendekezi kwa wasomaji wake kwa maana hiyo. Huyo naandika "anawapa wanachotaka kusikia", neno moja likawa matatu, na sioni hasara.

Hati za mahakama za Marekani zina njia yake. Huko California, kwa mfano, "pandering" ni kosa la jinai, na tafsiri yake ni ukuwadi. Ukiweka "kujipendekeza", mshtakiwa ataonekana amefikishwa kizimbani kwa kutabasamu kupita kiasi.