Ujumbe wa saa tatu usiku: msongo wa mawazo una saa zake

Saa tatu usiku simu inalia mara moja tu, ule mlio wa ujumbe. "Muda wa mkopo wako unaisha kesho saa 6 mchana. Usipolipa tutawasiliana na watu wako wa karibu." Kabla hujafika mwisho wa sentensi ya pili, moyo unadunda, viganja vimelowa, mate yamekauka.

Ujumbe kama huu unafaa kuelezea msongo wa mawazo kwa sababu unaonyesha jinsi mambo yanavyofuatana kwa saa. Kinachotokea mwilini sekunde ya kumi si cha dakika ya 30, na cha dakika ya 30 si cha saa tisa usiku. Ushauri tunaopeana kila siku (vuta pumzi, kalale, panga bajeti, mwambie mtu) mwingi wake ni sahihi. Unakwama kwa kutolewa saa isiyo yake. Mtu aliyejaa adrenalini, homoni ya hatari, hawezi kupanga bajeti, na hakuna pumzi inayolipa deni.

Sekunde za kwanza ni za amigdala, sehemu ya ubongo yenye ukubwa na umbo la lozi. Inapiga king'ora wakati sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, bado inasoma. Ishara inashuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye tezi mbili za adrenali zilizokaa juu ya figo kama kofia, na kiini cha tezi hizo kinamwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi, ini linaachia sukari, damu inapungua kwenye utumbo na ngozi na kuelekezwa kwenye misuli ya miguu, mboni za macho zinapanuka. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza hali hii mwaka 1915: mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Adrenalini haidumu. Nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya dakika mbili tatu. Ujumbe huo ungekuwa nyoka, ungeruka, ungepiga kelele, na robo saa baadaye ungekuwa unawasimulia jirani huku unacheka.

Deni halina mkia wa kulikimbia. Ndipo mkondo wa pili unapofanya kazi: haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, inaiamsha tezi ya pituitari chini ya ubongo, pituitari inaamsha ganda la nje la tezi za adrenali, nalo linatoa kotisoli, homoni ya pili ya msongo. Hii inapanda polepole na kufika kileleni kati ya dakika 20 na 40 tangu tukio lianze, na nusu yake huchukua saa moja au moja na nusu kuondoka. Kotisoli imepakwa matope bure. Ndiyo inayohakikisha sukari ipo, inazuia kinga ya mwili isipitilize, na ikifika kwenye ubongo inauambia uzime king'ora. Tatizo linaanzia hapo kwenye kuzima. Kila ukiufungua ule ujumbe tena, au ukiurudia tu kichwani, king'ora kinapigwa upya, kwa kuwa amigdala haitofautishi vizuri tukio na kumbukumbu ya tukio. Kiswahili kilishaligundua hili: mtu wa namna hiyo tunasema "ana mawazo".

Na si kila shida inapandisha kotisoli kwa kiwango kimoja. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walitunga jaribio ambalo bado linatumika maabara nyingi duniani. Unasimama mbele ya jopo la watu wenye nyuso kavu, unajieleza kwa dakika tano, kisha kwa dakika tano nyingine unatoa 13 kutoka 1022 kwa sauti: 1009, 996, 983... Ukikosea, anza upya. Hakuna anayekugusa, lakini kotisoli inapanda. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliojumuisha tafiti 208 za maabara ulikuta kwamba mwili hushtuka zaidi pale vitu viwili vinapokutana: jambo kuwa nje ya uwezo wako, na watu kukutazama na kukuhukumu. Rudi sasa kwenye ule ujumbe. Kinachouma zaidi ya tarakimu za deni ni "tutawasiliana na watu wako wa karibu". Aliyeandika sentensi hiyo, ajue asijue, amegusa aibu, na aibu inapandisha kotisoli kuliko hesabu.

Basi, saa tatu na dakika moja ufanye nini? Usijibu, na usikope kwingine. Adrenalini na nduguze huidhoofisha kwa muda ile sehemu ya mbele ya ubongo, na ubongo uliobaki unapenda nafuu ya sasa hivi. Ndiyo maana ni rahisi kuchukua mkopo wa pili dakika chache baada ya kudaiwa wa kwanza. Weka simu mezani, uso wake ukiangalia chini, kisha pumua kwa kuhesabu: ingiza hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama unayepooza chai, ukihesabu hadi 6. Hiyo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Pumzi 30 ni dakika tano. Kinachosaidia hapa ni kule kutoa hewa kwa muda mrefu: wakati wa kutoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni, inaubana moyo upunguze kasi, na unaweza kulisikia hilo ukiweka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono.

Wengi huharibu zoezi hili kwa kuvuta hewa nyingi mno. Tukiambiwa "vuta pumzi ndefu", tunajaza kifua hadi mabega yanapanda, tena harakaharaka. Kabonidioksaidi inashuka kwenye damu, mishipa ya ubongoni inabana, kizunguzungu kinakuja, midomo na ncha za vidole vinapata ganzi, na mtu anaamini moyo unasimama. Ukiona hivyo, punguza kina: pumzi ndogo, ya tumbo, mkono mmoja juu ya kitovu uone unapanda na kushuka. Ila maumivu ya kifua yanayobana, yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, pamoja na jasho la baridi, si ya kupumulia nyumbani. Ni ya hospitali, usiku huohuo.

Asiyependa kuhesabu ana njia nyingine. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2001 uliwapima watu wakisali rozari kwa Kilatini na ukakuta upumuaji wao umeshuka hadi karibu mara sita kwa dakika, bila kuambiwa wahesabu chochote. Anayeleta uradi wake polepole kwa tasbihi atanielewa.

Baada ya hapo tembea dakika kumi, hata kama ni uani tu. Sukari imeshaachiwa kwa ajili ya miguu, basi miguu iitumie.

Kati ya saa tatu na nusu na saa nne unusu kotisoli iko juu na misuli imekaza bila wewe kujua: taya, shingo, mabega. Hapa zoezi la kukaza na kulegeza linafaa kuliko pumzi. Kunja ngumi kwa sekunde 5, achia ghafla, subiri sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza tofauti. Fuata mikono, mabega (yainue hadi masikioni), uso, tumbo, mapaja, na mashavu ya miguu. Kaza kwa nusu ya nguvu zako. Kwenye miguu vuta vidole vielekee kwako; ukivinyoosha kwenda mbele utashikwa na mkazo wa misuli, na usiku wako utakuwa umeharibika mara mbili. Bia mbili za kupoza? Zitakulaza haraka na kukuamsha usiku wa manane, kwani pombe ikishayeyushwa mwilini huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Chai ya rangi na kahawa nazo zisubiri asubuhi. Nusu ya kafeini huchukua saa tano hivi kuondoka.

Nitoke nje ya mstari kidogo, kwa sababu ni saa hizi watu huanza kushika tumbo. "Vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo" ni usemi unaosikika kila kituo cha daladala, na una asili yake. Mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, Kanada, alichapisha mwaka 1936 kwamba panya waliosumbuliwa kwa baridi, majeraha au sumu walivimba tezi za adrenali, wakasinyaa tezi ya thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) na kutoka vidonda tumboni. Kisha mwaka 1982 kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha maabara bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Marshall akamnywa mwenyewe kuthibitisha, na mwaka 2005 wakapewa Nobeli. Vidonda vingi vinatokana na huyo bakteria au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Msongo unachochea na kuchelewesha kupona, lakini mara chache unafanya kazi peke yake. Na kuna mzunguko wa kusikitisha hapa: mtu ana mawazo, shingo na kichwa vinauma, ananunua diklofenaki duka la dawa kila siku kwa wiki tatu, tumbo linatoboka, lawama zinaenda kwa mawazo. Kipimo cha choo au cha pumzi kinamwonyesha bakteria, na dawa zake ni za siku 14. Kuambiwa "punguza mawazo" bila kipimo si matibabu.

Presha nayo vivyo hivyo. Ujumbe wa deni unaipandisha kwa muda, lakini presha ya kudumu haiponi deni likilipwa, na vidonge haviachwi kwa sababu roho imetulia. Ukitaka namba ya kweli, keti dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kuongea, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Pima mara mbili, ukiachia dakika moja au mbili katikati. Kipimo kilichochukuliwa ukiwa umebanwa na mkojo huku unaongea na muuguzi kinaweza kusoma juu bila sababu.

Kabla ya kulala chukua karatasi, si simu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwalaza vijana 57 maabara. Nusu waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyafanya. Wa kwanza walisinzia mapema, na waliosinzia mapema zaidi ni wale walioandika kwa undani. Kwa hiyo usiandike "deni". Andika: "Saa nne asubuhi, kupiga simu ya huduma kwa wateja. Kumuuliza kaka kuhusu 50,000. Kuangalia ada ya kuchelewa ni kiasi gani kwa siku."

Bado unaweza kuamka saa tisa usiku. Usingizi wa saa hizo ni mwepesi na kotisoli imeanza kupanda kuelekea alfajiri, kwa hiyo mawazo ya saa tisa yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Usitazame saa, usiangalie salio. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, toka kitandani, keti mahali penye mwanga hafifu, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhesabu madeni, kitakuamsha hata siku isiyo na deni.

Saa nne asubuhi ndiyo saa ya akili. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano vya dakika 90 unaoongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha msongo umepungua zaidi kwa waliohudhuria. Una kupumua, kutatua matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa, na kuimarisha watu wa kukushika mkono. Sehemu ya kutatua ndiyo tunayoihitaji hapa: gawa matatizo yako katika yanayotatulika, yasiyotatulika na yasiyo na uzito, kisha chukua moja la kundi la kwanza. Liandike kwa sentensi moja yenye tarakimu. "Maisha magumu" halitatuliki. "Nadaiwa 180,000, nina 60,000, muda unaisha saa sita" linatatulika. Andika kila njia inayokujia, hata ya kijinga, ndipo uchague moja au mbili na kuzipa saa.

Njia ya kukopa huku ulipe kule ipigie hesabu kabla hujaikataa au kuikubali. Mkopo wa 100,000 wenye ada ya 15% kwa siku 30, ukizungushwa mara tatu, umekula 45,000 na bado unadaiwa 100,000.

Halafu mwambie mtu mmoja, mwenyewe, kabla wakopeshaji hawajampigia. Tishio la aibu linapungua nguvu pale anayetishiwa kuambiwa anapokuwa ameshajua. Ikiwa usingizi, hamu ya kula na kazi vimevurugika kwa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo, "silali, sili", badala ya kusema kichwa kinauma. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri wiki mbili. Mwambie mtu na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Jibu la ujumbe linaandikwa sasa, si jana usiku: "Nimepokea. Leo nalipa 60,000. Iliyobaki 120,000 nitalipa tarehe 5. Naomba mthibitishe kwa maandishi, pamoja na ada itakayoongezeka." Piga picha ya skrini, lipa, weka risiti.