Goti la Kitanda cha Nne

Sista aliyenisimamia wodi ya wazazi alikuwa na diploma, mimi nina digrii. Muuguzi mtarajali yeyote aliyepitia hospitali kubwa hapa Tanzania anaijua hali hiyo, ingawa huwa tunaizungumza pembeni tu. Sisi wa digrii tunazungushwa wodi kwa wodi mwaka mzima kabla ya leseni, na anayetia sahihi kwenye logibuku yako, daftari la kazi ulizojifunza, huenda kesho utakuwa bosi wake. Wapo wanaolipiza kwa kukutuma chai. Huyu hakunituma hata siku moja.

Usiku ninaoukumbuka tulikuwa na mama wa kitanda cha nne. Alijifungua mchana, na kabla ya hapo alishashikwa na kifafa cha mimba. Alikuwa kwenye magnesiamu salfeti: dozi ya kuanzia alishapata, kisha kila baada ya saa nne gramu 5 za kuchomwa msulini. Dawa hiyo huzuia kifafa kurudi, lakini ikizidi mwilini inalegeza misuli, na kupumua nako ni kazi ya misuli. Kwa hiyo kabla ya kila sindano unapima: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti likigongwa liruke.

Dozi ya saa nane usiku ilipofika, sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Pumzi 18. Mkojo wa kutosha. Goti halikutikisika. Nyundo ya wodi ilishapotea zamani, tulikuwa tunagonga kwa ukingo wa kiganja. Nikagonga tena, wapi.

Sista hakuja kugonga yeye. Alisimama miguuni pa kitanda.

“Mwambie afumbate vidole, avute mikono huku na huku, ndipo ugonge. Mgonjwa akikaza mguu, goti linadanganya.”

Mama akavuta, nikapitisha mkono chini ya goti lake, nikagonga. Halikuruka. La pili vilevile.

“Kwa hiyo?”

“Dozi isubiri, Sista. Tumpigie Dokta.”

“Mpigie. Mimi nilishapiga zangu nyingi.”

Kumpigia daktari saa nane usiku hakufundishwi darasani. Dokta wa zamu alikuwa ametoka thieta muda si mrefu, sauti nzito. “Si anapumua vizuri? Mkojo si upo? Mpe basi.” Nikamtazama Sista, alikuwa anajaza chati ya mgonjwa mwingine, au anajifanya. Nikarudia kwa mpangilio aliotukaririsha: kitanda gani, ana nini, nimekuta nini, nataka nini.

“Dokta, magoti yote mawili hayaitiki. Naomba tusitishe dozi mpaka yaitike, na naomba uje umwone.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaulizia dawa ya kupindua magnesiamu iliyozidi. “Kalisiamu glukoneti ipo?”

“Ipo, trei ya dharura.”

“Nakuja.”

Na alikuja. Tukawa tunapima mara kwa mara, goti likaruka karibu na alfajiri.

Asubuhi kwenye ripoti matroni aliona nafasi tupu ya saa nane kwenye chati, akamuuliza Sista kulikoni. “Muulize aliyeamua,” akajibu, akininyooshea kalamu. Nikaeleza yote, mpaka kiganja. Matroni akanisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wenyeji wa wodi: nyundo iko wapi? Hapo kila mtu akakumbuka ana mgonjwa wa kumhudumia.